Jozi ya Kumi na Saba

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumanne, fomu mbili zilikuwa juu ya meza ya Laurensia, na hesabu yake ilikataa. Ya kwanza ilisema Robi Nyangwine alizaliwa mwaka 1946. Ya pili ilisema Joel Nyangwine, mtoto wake wa kumzaa, alizaliwa mwaka 1999. Laurensia alitoa, akapata hamsini na tatu. Akatoa tena, akapata ileile.

Katika miaka kumi na minne ya unesi, Bukoba na sasa Nyarero, hakuwahi kumwona mwanamke aliyejifungua akiwa na umri huo. Hakusema haiwezekani. Aliandika pembeni kwa penseli: haijathibitishwa.

Hao wawili walikuwa jozi ya kumi na saba katika utafiti alioajiriwa kuufanyia kazi. Utafiti wenyewe ulihusu eksosomu, vifuko vidogo mno ambavyo seli za mwili huviachia kwenye damu, vingine vikitoka moyoni na kwenye kuta za mishipa. Darubini ya kawaida haivioni. Kila kifuko hubeba habari za seli iliyokitoa, na watafiti walitaka kujua kama habari za moyo mgonjwa huanza kusomeka katika damu ya mtoto wa mgonjwa kabla mtoto mwenyewe hajahisi kitu. Ndiyo maana damu ilichukuliwa kwa jozi: mzazi 17-A, mtoto 17-B. Jozi isipokuwa jozi, ulinganisho wote ni porojo.

Vichupa vya damu vingeweza kusubiri ndani ya friza. Moyo wa Joel haukuweza. Jumanne iliyopita Daktari Ambokile, ambaye hufika mara moja kwa wiki na mashine ya eko ya kutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, alimpima kijana huyo mwenye mabega ya kubeba jembe la ng'ombe peke yake, akakuta ukuta wa moyo wake una milimita kumi na tisa. Kwa kawaida hauzidi kumi na mbili. Presha yake ilikuwa sawa. Moyo unaonenepa namna hiyo bila presha mara nyingi ni wa kurithi, na unaweza kumwangusha mtu shambani mchana kweupe, mtu ambaye jana yake hakukohoa. Daktari alimkataza kazi nzito, akamwanzishia dawa, kisha akaangalia jina la mzazi na kuandika: wapimwe ndugu wa damu wa Robi. Watoto wawili wa kaka yake Robi walikuwa wameitwa leo.

Ikiwa Joel hakutoka tumboni mwa Robi, leo wangepimwa watu wasiohusika, na anayehusika angebaki nyumbani na moyo ambao hakuna aliyeutazama. Daktari angeondoka saa nane.

Laurensia alimwita Felix, mhudumu wa afya wa kijiji, mzaliwa wa palepale, ambaye ndiye aliyejaza fomu.

"Felix, Robi alimzaa Joel akiwa na miaka mingapi?"

Felix alicheka. "Sista, yule bibi hajazaa mtoto wa kiume hata mmoja. Nani asiyejua?"

"Mimi. Na fomu. Umeandika mtoto wa kumzaa."

"Nilimuuliza una mtoto gani, akasema Joel. Ulitaka niandike nini, mpangaji?"

"Nilitaka uandike ukweli."

"Huo ndio ukweli." Felix alivuta kiti. "Mume wake, mzee Nyangwine, alikufa bila mtoto wa kiume. Robi akaoa. Alitoa ng'ombe, Mokami akaingia kwenye nyumba yake. Mtoto wa Mokami ni wa Robi, na jina ni la Nyangwine. Hiyo ndiyo tunaiita nyumba ntobhu. Ukibishana na wazee wa hapa watasema ndizi za Bukoba zimekupanda kichwani."

"Mokami ndiye nani?"

"Si huyo anayemleta kila mwezi! Wa kwenye benchi."

Laurensia alimkumbuka. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kitenge cha bluu, mwisho wa benchi, fimbo ya Robi mkono mmoja na chupa ya maji mkono wa pili. Alikuwa amekuja mara tisa. Kwenye fomu alikuwa alama ya vema mbele ya neno *msindikizaji*. Hakuna aliyewahi kumfunga mkanda wa presha. Mwezi wa tatu alisimama kwenye ngazi, ameegemea ukuta na kuhema, na Laurensia alimwambia asizibe mlango, wagonjwa wapite.

"Na mwanamume aliyemzaa Joel?"

Felix aliacha kucheka. "Hapo usiguse, Sista. Wadogo wa marehemu mzee wanalitaka lile shamba tangu zamani. Kinacholishikilia ni Joel kuwa mtoto wa Nyangwine. Ukienda uani kwa Robi ukauliza huyu kazaliwa na nani, umeibomoa nyumba kwa mdomo."

Saa nne kasoro robo pikipiki ya Felix iliingia uani kwa Robi. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta ulezi. Kila baada ya mipepeto michache alitua kuvuta pumzi. Moyo wake ulikuwa umechoshwa na presha ya miaka mingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuninyonya tena? Iliyobaki haitoshi hata mbu mmoja."

"Leo sikuja na sindano, mama." Njiani Laurensia alikuwa ameipanga sentensi yake na kuondoa kila neno lisilohitajika. "Ugonjwa wa moyo wa Joel unafuata damu ya kuzaliwa. Nahitaji kumpima aliyembeba tumboni, leo, kabla daktari hajaondoka."

Ungo ulisimama. "Joel ni wa nani?"

"Ni wa nyumba hii."

"Amekufundisha Felix."

"Ndiyo. Na miaka iliyo kwenye fomu inakubaliana naye."

Robi alimtazama Felix, ambaye alikuwa ameanza kukagua mnyororo wa pikipiki usio na tatizo lolote. Kisha akauliza polepole, "Na ukimpima Mokami ukakuta ni mzima?"

Jibu la kumtuliza lilikuwepo, tena jepesi. Laurensia hakulitumia. "Basi litabaki swali lingine. Mimi sitalileta kwako. Daktari atawaeleza Mokami na Joel, wao ndio wataamua."

"Swali hilo halina mlango katika nyumba hii."

"Nimesikia, mama."

Robi alichota ulezi kwa kiganja, akaurudisha kwenye ungo. Halafu akaita kwa sauti iliyozidi mapafu yake, "Mokami!"

Mokami alitokea nyuma ya nyumba na ndoo kichwani. Aliitua, akaendelea kuishika ukingo.

"Umewahi kuzimia?" Laurensia alimuuliza.

Mokami alimtazama Robi kwanza. "Kisimani. Mara mbili. Nikasema ni jua."

"Hukuniambia," Robi alisema.

"Ulikuwa unaumwa wewe. Nyumba moja ina wagonjwa wawili, nani atapika?"

"Na kwenu?" Laurensia aliendelea. "Kuna aliyefariki ghafla?"

"Kaka yangu, kule kwetu Nyansurura. Alikuwa anafukuza ndama, akaanguka, hakuamka. Walisema karogwa. Jirani akahamishwa kijiji."

Laurensia aliandika sehemu ya kwanza ya jibu hilo. Ya pili haikuwa na nafasi kwenye fomu.

Alimpeleka Mokami pembeni, kwenye kivuli cha ghala, akamsomea ridhaa neno kwa neno. Kipimo cha eko ni cha matibabu. Damu ni ya utafiti. Haitamponya, na bado haijulikani kama itamsaidia yeyote. Anaweza kukubali kimoja na kukataa kingine.

"Chukueni vyote," alisema Mokami. "Miezi tisa nimekaa kwenye benchi lenu, nimelizoea."

Felix aliwapeleka kituo cha afya kwa safari mbili za pikipiki, kwa sababu Robi alikataa kubaki. Joel, aliyekuwa senta ya kijiji akiwatazama wenzake wakicheza drafti kwa vile mpira amekatazwa, alifika kwa miguu, polepole kama alivyoagizwa.

Saa sita na dakika ishirini Daktari Ambokile alipima ukuta wa moyo wa Mokami mara tatu. Milimita ishirini na moja, mara zote tatu. Presha ilikuwa 118 kwa 74.

"Na baba wa kijana?" daktari aliuliza bila kuinua macho.

"Bado tunamhitaji?"

Daktari alifikiri. "Hapana. Hii inatosha." Alifuta mstari alioandika wiki iliyopita, akatoka nje kuwaomba radhi watoto wa kaka yake Robi, ambao walikuwa wamefika tangu saa tatu bila kifungua kinywa.

Fomu ya masahihisho ilisomwa mbele ya wote watatu, kwa kutaka kwao. Joel angehama kutoka 17-B kwenda jozi mpya, awe 31-B, na Mokami angekuwa 31-A. Ya kumi na saba isingekuwa jozi tena.

"Namba ikihama, shamba nalo linahama?" Robi aliuliza.

"Hapana, mama. Karatasi hii inasoma damu tu. Haijui shamba, na haitoki kwenye kabati hili."

"Basi haijui mengi. Na jina lake?"

"Joel Nyangwine. Halijaguswa."

"Mimi nabaki 17 peke yangu?"

"Ndiyo."

"Usijali, mama," Joel alimwambia Robi. "Kwenye daftari la shule uliniandikisha mwenyewe. Hawa wametukuta."

"Nyamaza utie sahihi," Robi alisema. "Unaambiwa upumzishe moyo, unafanyisha kazi mdomo."

Joel alitia sahihi. Mokami alitia dole gumba.

Damu ya Mokami ilitolewa saa saba kasoro dakika kumi. Robi alikuwa ameketi mwisho wa benchi, ameshika chupa ya maji ya Mokami. Mashine ilizungusha damu mara mbili, na plasma, majimaji ya damu, ilitoka ya manjano hafifu, bila wekundu wa seli zilizopasuka. Saa saba na dakika arobaini vichupa vinne vyenye namba 31-A viliingia kwenye friza, nyuzi themanini chini ya sifuri, kando ya vile vya Joel vilivyobandikwa lebo mpya.

Saa nane kasoro dakika tano Mokami alimpa Laurensia namba ya mdogo wake wa Nyansurura. Simu iliita mara nne, ikapokelewa. Laurensia alijitambulisha, akaeleza, akauliza ndugu wa tumbo moja walio hai ni wangapi.

"Tuko watano," sauti ilijibu. "Tuje lini?"

"Jumanne," alisema Laurensia, akaandika watano.