Chai ya Dani Bathsheba

Jino la Mellen lilikuwa limeoza hadi shavu likafura kama andazi, na bado mtoto mwenyewe alikuwa tayari kuzikwa nalo. Mama yake, Caren, muuza nyanya wa soko la Oyugis, maji yalikuwa yamemzidi unga. Msichana wa miaka saba hali, halali, analia mpaka majirani wanagonga ukuta, lakini mtaje daktari wa meno uone! Anapona papo hapo kama aliyeombewa.

Na daktari mwenyewe hakuwa wa kila siku. Alitoka Homa Bay mara moja kwa mwezi, akatia kiti chake kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, jioni akaenda zake. Safari ya kwanza Mellen alichomoka, akapatikana kwa wauza mitumba, amejifunika koti la mzungu. Safari ya pili alimwuma daktari kidole. Daktari Onsongo akakipuliza kidole chake, akasema kwa upole wa mtu anayejizuia kutukana, "Mama Mellen, akikataa tena, mpeleke hospitali kubwa wamtie usingizi. Mimi vidole vyangu navihitaji."

Sasa ilikuwa safari ya tatu, na Caren roho ilikuwa juu juu. Jino lenye usaha halina subira. Shavu likipanda mpaka jichoni, atamwambia nini baba mtoto, aliyekuwa huko Masara akichimba dhahabu?

Mama mkwe wake, Dani Bathsheba (dani ni bibi kwa Kijaluo), ndiye aliyekuja na dawa. Alichemsha mchaichai na mnanaa wa nyuma ya jikoni, akatia asali, akajaza thamosi nzima.

"Nyar Suna," alisema, yaani binti wa Suna, maana mkaza mwanawe alimwita kwa jina la kwao, si kwa jina lake, "huyu mtoto si mkaidi. Moyo wake unakimbia tu. Hii chai itaukalisha chini."

Basi wakakaa kwenye benchi la zahanati. Dani akamimina kikombe, akampa mjukuu. Mellen akakunja mikono.

"Mwenye kutoa aonje kwanza."

Hapo Dani alinaswa na mafundisho yake mwenyewe. Nyumbani kwake hakuna aliyepewa kinywaji kabla ya mwenye kukitoa kukionja, mgeni ajue hakina sumu. Akanywa. Kikombe kikajazwa tena.

"Na Mama. Yeye ndiye amebeba thamosi."

Caren akanywa. Kusema kweli, ilikuwa tamu.

"Na nesi. Yuko upande wenu."

Nesi Sheila akanywa, akarudi kuomba kingine. Wagonjwa wa benchi wakaanza kucheka. Daktari Onsongo akachungulia kuuliza kuna harusi gani hapa, na Mellen akamnyooshea kidole. "Na huyo!" Daktari akanywa vikombe viwili, akapangusa masharubu.

"Mama, hii kitu ungeiuza!"

Thamosi ikapinduliwa. Likatoka tone moja kikombeni. Aka! Zahanati nzima imetulia moyo, ila mgonjwa tu!

Sijui ni mnanaa, sijui ni asali, sijui ni upuuzi wa binadamu, lakini kicheko kiliwashika kikakataa kuwaachia. Nesi alijishikilia mlangoni. Caren mbavu zilimuuma. Na Dani, ambaye siku zote alicheka huku amejiziba mdomo kwa leso, leo leso ilimponyoka. Akafungua kinywa chote. Chini, mbele, palikuwa wazi kama mlango wa zizi.

Mellen akapiga yowe. "Ona! Ona! Sita!"

"Sita nini?" Caren akauliza.

"Dani alisema alipokuwa mdogo walimng'oa sita! Mimi linaniuma moja tu, na huyu atang'oa sita! Nitakulaje mahindi ya kuchoma?"

Kicheko kikakatika. Caren aliona haya mpaka masikioni. Miezi yote hii ameahidi soda, amefinya, amepiga, na hajawahi kumuuliza mtoto wake anaogopa nini hasa.

Daktari akachuchumaa, lakini vidole akaviweka mbali. "Sikiliza, Mellen. Hiyo ilikuwa mila ya Waluo wa zamani. Mimi ni Mgusii. Sisi meno tunayatumia."

"Nyamaza wewe!" Dani akaruka. "Kwa hizo ndizi zenu laini, meno ni ya nini?"

"Nang'oa moja," daktari akasema akicheka. "Lile bovu."

"Apa," Mellen akamwambia.

"Sisi Wasabato hatuapi. Ndiyo yetu ni ndiyo."

Mellen akampima kwa macho. Kisha akalilamba lile tone la chai, akaingia ndani, akapanda kitini mwenyewe, bila kushikwa. Sindano ya ganzi ikampa machozi mawili. Koleo likaingia, likatoka na jino.

"Yawa!" Caren akapiga kelele kana kwamba ni lake, akamkumbatia mtoto, akamkumbatia nesi, kidogo amkumbatie na daktari.

Mellen, pamba mdomoni, akatoka hadi kwenye benchi, akasimama mbele ya bibi yake, aliyeketi na thamosi mapajani.

"Dani, wewe ulilia?"

"Nilie? Nyakwara, mjukuu wangu, aliyelia aliaibisha nyumba yao. Tulinyamaza kimya."

"Yote sita?"

"Yote."

Mtoto akafikiri. Akaweka kiganja kwenye shavu la bibi. "Basi lia sasa, Dani. Hapa hakuna mtu atakucheka."

Dani akafungua kinywa acheke, kama alivyocheka asubuhi nzima, na kicheko hakikuja; yakaja machozi. Caren akamtolea thamosi mapajani. Mellen akapanda pale ilipokuwa, akakaa kumsubiri amalize.