Abiria wa Chiriku

Mama yake alimpa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi, ingawa siku nyingi hakuwa na wa kuzungumza naye. Walikuwa wageni katika jengo lile la ghorofa. Mama alishona mashati kiwandani na kurudi jioni, kwa hiyo Chiriku, mtoto wa miaka minane, alitoka shule, akapanda lifti peke yake na kujifungia ndani.

Hapo ndipo woga ulipomwanza. Mabomba ya maji yalikoroma ukutani. Siku ya kwanza alijificha nyuma ya pazia mpaka mama akarudi. Siku ya pili alivuta kiti, akashika kifuniko cha sufuria kama usukani, akatangaza kwa sauti nzito: "Ndugu abiria, mimi ndiye rubani wenu. Hiyo ngurumo ni injini tu. Tulieni." Tangu hapo, bomba likikoroma, ndege inapaa.

Mchana mmoja aliingia kwenye lifti pamoja na jirani wa ghorofa ya tano, mchomeleaji wa mageti, pande la mtu ambalo watoto walilikimbia.

"Shikamoo."

Jirani akaguna tu.

Lifti ikatikisika, ikasimama. Taa ikazimika.

Chiriku alihisi moyo unamtoka. Alitaka kumwita mama, lakini kabla hajafungua mdomo akasikia mtu anahema kwa shida. Jirani alikuwa ameteleza mpaka sakafuni.

"Siwezi," alisema. "Sehemu za kubana siziwezi kabisa. Hewa itaisha."

Chiriku alikuwa hajawahi kusikia mtu mzima akiogopa hivyo. Alipapasa vitufe, akabonyeza kengele, ikalia mbali huko. Kisha akakohoa kidogo.

"Ndugu abiria, mimi ndiye rubani wenu. Tumeingia kwenye wingu, ndiyo maana kuna giza."

"Wingu?" jirani akauliza.

"Kubwa sana. Funga mkanda, mjomba."

Jirani alipapasa kiunoni. "Nimefunga."

"Sasa vuta pumzi kwa pua, polepole. Rubani msaidizi hahemi ovyo."

"Si nilikuwa abiria?"

"Nimekupandisha cheo."

Jirani akacheka. Akauliza chini kunaonekana nini. Chiriku akamwambia: mbuzi juu ya mlima, bahari, na mama yake amepanda juu ya bati la kiwanda, anawapungia kwa mkasi. Sauti ya Chiriku haikutetemeka hata mara moja.

Fundi wa lifti alipoufungua mlango kwa nondo, majirani walikuwa wamejaa koridoni, na mama, aliyepigiwa simu kiwandani, ndiyo kwanza anafika, anatweta. Jirani alitoka ameloa jasho chapachapa. Angeweza kunyamaza. Badala yake alisema mbele ya wote:

"Mama, mimi nimeogopa kama kitoto kichanga. Huyu mwanao ndiye aliyenitua salama."

Mama alimvuta Chiriku kifuani. "Hukuogopa, mwanangu?"

"Niliogopa sana. Lakini nilikuwa na abiria."

Mama akainua kidevu, akawatazama majirani mmoja mmoja. "Ni wangu huyu," alisema, kana kwamba kuna aliyebisha.

Kesho yake kiwandani mashati hayakushonwa. Mashine zote zilisimama, washonaji wamegeuza viti, na mama anasimulia kwa mara ya tatu, safari hii akiwa ameongeza radi.