Gari Liliponyamaza

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba gari halikuwa linagongagonga. Tulikuwa tunashuka kutoka Ngana na magunia ya kakao, mimi nikiwa nyuma juu ya magunia, mwanangu Lusungu mgongoni. Siku zote injini ya pikapu ile hutoa mlio mdogo, ti-ti-ti-ti, kama mtu anayegonga kucha kwenye sufuria. Siku hiyo mlio ulififia, na tulipofika chini kwenye mashamba ya mpunga ukawa haupo kabisa.

Mbele, kwenye siti yangu, alikaa Generosa, afisa ugani wa kakao aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Dirisha la nyuma halina kioo, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Ambwene, leo gari limetulia! Utadhani limetoka dukani."

Mume wangu akacheka. "Limetulia kwa sababu linaumwa, madam. Tapeti zimebana."

"Zimebanaje?"

"Hili gari ni la marehemu baba. Lilizoea petroli ya zamani, ile yenye risasi. Risasi ndiyo ilikuwa inalinda pale valvu zinapokalia. Petroli ya siku hizi haina risasi, basi chuma kinaliwa, valvu zinazama kidogo kidogo, mpaka ile nafasi ndogo kati ya tapeti na valvu inakwisha. Nafasi hiyo ndiyo inayogonga; mlio ukipotea, ujue. Usipopima upya, valvu zinaungua."

Maneno hayo hayo aliniambia mimi mwaka tuliooana, kwa sauti hiyo hiyo ya polepole. Nilikuwa nadhani ni yangu.

Gari likinyamaza, Jumamosi yake tulikuwa tunalipima pamoja. Ambwene hufungua kifuniko cha juu cha injini na kutoa plagi. Nati naziweka mimi kwenye bakuli la udongo nililonunua kwa akina mama wa Ikombe. Kisha nachomeka hendeli kwa mbele, naizungusha injini taratibu, naye anapitisha kibati chembamba cha kupimia ile nafasi. "Kisa, zungusha. Kisa, simama. Hapo hapo, Kisa."

Kila mahali pengine mimi ni mama Lusungu. Kanisani, kwa mama mkwe, sokoni, hata yeye akiniomba maji ya kunawa. Jina nililopewa na baba yangu nilikuwa nalisikia kwenye injini tu. Wenzangu waume zao huwaletea vitenge. Mimi nilikuwa naletewa jina langu.

Jumamosi ilipofika, kabla sijamaliza kumenya ndizi, nikamwona Generosa anaingia uani, amevaa suruali ya kazi.

"Ugonile, mama Lusungu!" Kinyakyusa alikuwa amekijua juzi tu, lakini alikisema bila aibu.

"Ndaga, dada," nikajibu, nikainama kwenye ndizi zangu.

Baba yake alikuwa na lori, akasema, na yeye alikulia kwenye grisi. Akaichukua hendeli pale ukutani ninapoiegemeza. Bakuli langu akalisogeza pembeni, nati akaziweka kwenye mfuniko wa ndoo. Akazisoma namba za kibati kwa sauti; mimi niliyeacha shule darasa la tano huwa nakijua kwa kukipapasa tu.

"Zungusha, Generosa," mume wangu akasema. "Simama, Generosa."

Ile madam ilikuwa imekwenda wapi?

Wifi yangu Tumaini alikuwa amekaa karibu yangu na mtoto. Akanitazama mikono. "Wifi, hizo ndizi unazimenya au unazichinja?"

"Kisu ni butu."

"Kisu kingekuwa kikali, leo tungezika mtu," akasema, akacheka peke yake.

Walipomaliza, Generosa akajifuta mikono. "Utapima hivi mpaka lini? Kaka yangu Adolf yuko Mbeya, ana mashine ya kukereza. Atachonga pale valvu zinapokalia, aweke pete za chuma kigumu. Hapo hii petroli haitakula kitu tena."

Ambwene akamkazia macho kama mtu aliyeambiwa kuna shamba la bure.

Wakaenda Mbeya wote wawili, maana Generosa alikuwa na kikao huko. Kichwa cha injini, kile chenye valvu, walikifungua wakakifunga kwa kanga yangu, ile mpya. Niliwasindikiza hadi stendi. Basi lilipoondoka nikaona wamekiweka kwenye siti, katikati yao. Nilikishukuru kile chuma. Angalau kulikuwa na kitu katikati.

Ambwene alirudi na furaha. Alipokuwa anakirudisha kichwa mahali pake, Generosa naye alikuja kuona. Wakati wa kupima tapeti ulipofika, nikamwona ananyoosha mkono kuichukua hendeli. Nikampa wifi mtoto. Sijui miguu yangu ilipita wapi, ila nilifika kabla yake.

"Haya, mwenye gari amekuja," Generosa akasema, akarudi nyuma akicheka. Cheko lake halikuwa baya. Hilo nalo liliniuma.

Ambwene alikuwa ameinama ndani ya boneti. "Zungusha," akasema. Nikazungusha. "Simama." Nikasimama. Nilisubiri neno linalofuata kila mara, halikuja. Kazi ilipokwisha akainua kichwa, uso una mafuta.

"Kumbe ni wewe, mama Lusungu."

Generosa amepewa pikipiki na ofisi yake, hapandi tena gari letu. Siti ya mbele imerudi kwangu. Nilidhani hapo nitapona. Lakini kila safari natega sikio, na ule mlio haufifii. Magunia yanajaa, mlima wa Ngana tunaupanda na kuushuka, injini inagonga vilevile, ti-ti-ti-ti. Jumamosi Ambwene anakwenda kutazama mpira. Hendeli imeota utando wa buibui ukutani.

Jana tulikuwa tunarudi na mzigo. Akakipigapiga kile kibao cha mbele kwa kiganja, kama anayempongeza ng'ombe.

"Unasikia? Haliumwi tena. Sasa mama Lusungu, mbona umenuna? Siku hizi si unakaa mbele?"

Nilitazama barabara. Mimi si mtu wa kusema. Hata sokoni huwa nanyoosha kidole. Lakini mdomo ulifunguka.

"Nina wivu," nikamwambia. "Nilimwonea wivu Generosa, sasa nalionea wivu hili gari. Lilipokuwa linaumwa, uliniita Kisa. Niite Kisa, hata kama hakuna cha kuzungusha."