Miguu ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wifi yake alipomwambia kuna nesi anayewafundisha wanawake wenye kisukari kufanya mazoezi, tena bure, aliuliza jambo moja tu: "Anataka nini?"

"Anataka tutembee."

"Hakuna mtu anayetaka watu watembee tu, wifi. Ngoja utaona."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama yake fundi, naye alikuwa na sukari, aliingia hospitali na miguu miwili akatoka na mmoja. Eti kidonda! Kidonda gani, na mama wa watu hakuwahi kulalamika hata siku moja? Tangu hapo fundi alimeza vidonge vyake bila ubishi, lakini mtu wa hospitali akimtazama chini ya magoti alivuta gauni. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na miguu hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha wanawe.

"Mazoezi gani tena?" aliwaambia wateja. "Mimi nakanyaga toka asubuhi. Ingekuwa safari, ningeshafika ng'ambo."

Akaenda hata hivyo, kwenda kumlinda wifi yake. Katika chumba cha zahanati viti vya plastiki vilisogezwa ukutani, na wanawake watu wazima walikuwa wakinyoosha mikono na kucheka kama wasichana. Fundi alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Nesi alieleza vizuri, hilo hakumnyima: mwili ukifanya kazi, misuli huitumia sukari, na kushinda kitini, hata kama miguu inakanyaga, hakutoshi. Fundi akamkata jicho. Nani alimpelekea habari za cherehani? Akamgeukia wifi, wifi akatazama dari. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Kabla hatujatoka kutembea," nesi akasema, "kila mmoja avue viatu nimkague miguu."

Haya, hilo hapo! "Nilikwambia," fundi akamnong'oneza wifi. "Wanatafuta miguu ya kukata."

"Si unasema yako mizima? Unaogopa nini sasa?"

Hilo lilimchoma. Akavua viatu kwa hasira, akaiweka miguu juu ya kigoda mbele ya kadamnasi. "Kagua, mwanangu. Miguu hii haijawahi kuniuma."

Nesi hakutabasamu. Akatoa kijiti chenye kipande cha uzi mgumu wa nailoni. "Nitakugusa na huu tu, mama. Fumba macho. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Fundi akafumba, lakini masikio aliyaacha wazi. Alisikiliza kama droo itafunguliwa, kama chuma kitagonga chuma. Vicheko vilikuwa vimekatika. Akasubiri, akasubiri tena. Hila gani hii?

"We mtoto, unangoja nini?" akafoka. "Anza basi!"

"Nimeshamaliza, mama. Miguu yote miwili."

Fundi akafumbua macho. Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Mwongo," fundi akasema, ila sauti haikuwa na nguvu. "Rudia. Safari hii natazama."

Nesi akarudia. Fundi aliuona uzi ukigusa kidole gumba chake, ukabonyeza mpaka ukapinda, na hakuhisi kitu. Akauona kwenye unyayo. Hakuhisi kitu.

"Ni sukari, imeumiza mishipa ya fahamu," nesi akasema taratibu. "Ukijichoma, hutajua. Lakini kidonda huna, na mazoezi utafanya, tena ukiwa na viatu vizuri. Ila miguu iangaliwe kila siku."

Wenzake walikuwa wameanza kutoka. Fundi alivivuta viatu vyake, akaviangalia muda mrefu bila kuvivaa. Kisha akampa wifi yake kimoja.

"Wifi, hebu ingiza mkono humo ndani. Nitazamie kama hamna kitu."