Mahali Pakavu Nyumbani kwa Kalenga

Betri ya drili ilikuwa imevimba ubavuni, na Kalenga aliigeuzageuza mkononi akijifanya haoni. Mkewe Cadette aliona. Cadette huona kila kitu kabla mumewe hajakubali kwamba kipo.

"Papa Bénie, ile kintu iko na moto. Hausikie?"

"Njo vile inakuwaka, mama. Kama haina moto, haina nguvu."

Hilo ni jibu la mwanamume anayetaka aachwe. Cadette akamwacha, akaendelea kumenya mihogo.

Kalenga hakuwa mjinga. Tangu alipovuka ziwa kutoka Congo akikimbia vita, aliishi hapa Kabuta, upande wa Zambia, kwa kuunda na kukarabati boti za watu. Kazi yake huja ziwa likifungwa, ile miezi ya mvua ambayo serikali inakataza kuvua ili samaki wazaane. Wavuvi huvuta boti mchangani, na fundi anakula. Ziwa likifunguliwa wanakula wao, fundi anatazama. Kinyozi hajinyoi: miaka yote hiyo hakuwa na boti yake hata moja.

Mwaka huu alikuwa nayo. Aliiunda kando ya nyumba, chini ya turubai, kwa mbao za mabaki alizookota kazi baada ya kazi, mpaka yakabaki matundu machache ya skrubu ya kutoboa sehemu ya mbele. Ilikuwa lazima iingie majini siku ziwa litakapofunguliwa. Cadette angeuza samaki wa kwao wenyewe, asigombanie tena ndoo za wenye boti na kuitwa mkimbizi mbele ya watu. Hilo tu ndilo Kalenga alilomwomba Mungu, na kwa kweli si kubwa.

Shida ilikuwa shajeri, ile chaja ya betri. Keke yake ya mkono ya kutobolea mbao aliiuza ili anunue drili ya betri, na shajeri ya drili ikaungua siku umeme uliporudi kwa kishindo baada ya mgao. Jirani yake Pitchou, mvuvi wa dagaa wa chisense, akamwazima shajeri ya zile betri kubwa za taa za kuvulia. Ziwa limefungwa, taa zimelala, shajeri nayo imelala, nani angekataa? Mafundi wa ufukwe huu hufanya hivyo kila msimu wa kufungwa, na kila mmoja ana hadithi ya jinsi ilivyomfaa. Kalenga akaunga nyaya mbili, akazifunga kwa kipande cha mpira. Mara ya kwanza betri ilijaa upesi, akafurahi. Mara ya pili ikachemka na kuvimba. Akaizungushia kitambaa kibichi, kama watu wa hapa wanavyomfunika samaki jua likikaza, na ilipopoa akasema imepona.

Jumapili umeme ulirudi kengele ya kanisa ikilia. Umeme wa wilaya hii ya Nchelenge hauna adabu, huchagua saa za Mungu. Mvua ilikuwa imenyesha, na nyumba ilivuja kila kona. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu, ndani ya boti, na Kalenga alilionea fahari jambo hilo. Akapitisha waya dirishani, akailaza betri juu ya maranda ya mbao, karibu na pamba ya kalafati ya kuzibia nyufa, iliyolowa lami.

"Tunaiacha yenyewe?" Cadette aliuliza, kitabu cha nyimbo kwapani.

"Inakula. Mutu akiwa anakula, unamuangaria ya nini?"

Walikuwa katikati ya wimbo Pitchou alipoingia kanisani bila viatu.

"Fundi! Boti yako inaungua!"

Kalenga alipofika turubai lilikuwa limekwisha. Lami ilitoa moshi mweusi. Watu walimwaga maji kwa ndoo. Betri ilizimika, ikawaka tena, ikirusha cheche kwa hasira. Akazishika mbao za mbele kwa mikono mitupu ili aivute boti itoke motoni. Mbao zikang'oka, zikabaki mikononi mwake, naye hakuziachia mpaka Cadette alipompiga viganjani kwa kanga.

Zahanati walimfunga bendeji hadi kwenye viwiko. Pitchou alikuja kukaa naye.

"Ni miye nilikupatia shajeri, fundi."

"Ulinipatia kintu ya taa. Miye njo nililazimisha." Kisha Kalenga akalia, bila kuficha uso, maana hakuwa na mkono wa kuufichia. "Mama aliniambia. Mama aliniambia, Pitchou."

Cadette alisikia yote kutoka mlangoni. Hakusema nilikwambia. Afadhali angesema.

Siku ziwa lilipofunguliwa, Kalenga alijilaza akiwa ameugeukia ukuta. Nkonde, Mzambia mwenye boti tatu, akabisha hodi, kofia mkononi, akaanza kwa salamu na pole za kwao.

"Mutende mukwai, ba Kalenga. Pepani sana. Lakini batu banakungoja. Boti haiingie mu maji kama fundi wake hajasukuma kwanza. Munajua."

"Hauone mikono yake?" Cadette alifoka. "Hata leo?"

Nkonde akatazama chini. Ndivyo desturi ilivyo hapa: boti isiyosukumwa na aliyeiunda, wavuvi hawaipandi. Kalenga alinyanyuka taratibu, akatoka.

Ufukweni walimpisha. Akaegemeza bega kwenye boti ya kwanza, ikaenda. Ya Pitchou ikaenda. Pitchou hakugeuka nyuma. Akasukuma nyingine, na nyingine, watu wakipiga vigelegele, mpaka bega likachubuka. Ya mwisho ilikuwa nzito. Akaingia nayo majini, bendeji zimelowa, hadi maji yakamfika kiunoni. Ikaelea, ikamwacha. Injini zilififia upande wa Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, vigelegele vikaisha, na Kalenga akabaki pale pale, ameinama, bega mbele, kana kwamba bado kuna boti moja ya kusukuma.