Mkono Wenye Pete ya Feruzi

Mama yake alikuwa keshazikwa miezi mingi pale Rawiya alipouona tena mkono wake. Hakuuona ndotoni. Aliuona kwenye kioo cha kompyuta, katika duka la intaneti la Khalil, Malindi ya Unguja, alikokwenda kusoma barua pepe ya shoga yake wa Maskati. Shoga huyo aliandika maneno machache tu: kumbe hina ya mama bado ipo, nimeiona kwenye websaiti, hongereni. Chini akaweka anwani.

Khalil alimfungulia. Ukatokea ukurasa wa kijani uliozungushiwa maua ya asumini, na juu yake jina: Hina ya Ulfat. Chini ya jina palikuwa na maneno: "Haya yote nimefunzwa na mama yangu, Bi Thuwaiba wa Malindi." Kisha picha. Moja ilikuwa ya miguu ya biharusi, nyingine ya viganja viwili vilivyofumbuliwa, na ya tatu ilikuwa ya mkono ulioshika kijiti cha chelewa, umeinama juu ya kiganja cha mtu, unamalizia jani la mwisho la ua. Kidoleni mwa mkono ule mlikuwa na pete ya fedha yenye jiwe la feruzi.

Rawiya alitazama kioo, akatazama kidole chake mwenyewe. Pete ile ile sasa ameivaa yeye. Aliikuta ndani ya sanduku la mama alipofika kutoka Maskati siku ya hitima, mikeka inakunjwa na watu wanatawanyika. Alilia bila ya sauti. Khalil alijitia kudhani ni joto, akamgeuzia feni.

Alilia kwa ajili ya mkono. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani, kilichomchoma njia nzima ni yale maneno mawili: mama yangu.

Ulfat hakuwa mtoto wa Bi Thuwaiba. Alikuwa mtoto wa Tumbatu, baba yake alimleta mjini kusoma, akamkabidhi kwa Bi Thuwaiba mwaka ule ule Rawiya alipoolewa na kwenda zake Maskati. Akapewa chumba cha Rawiya, akalala kitanda cha Rawiya. Na kila Rawiya alipopiga simu, jina lilikuwa hilo hilo. Ulfat kamaliza kidato cha nne. Ulfat kapika mkate wa mofa, baba zako wadogo wameumaliza. Ulfat mkono wake mwepesi, mwanangu, ungeuona. Rawiya akicheka kwenye simu, akisema mashaallah, kisha akiweka mkono wa simu chini na kubaki ameushikilia kama anauzuia usiinuke.

Mama alipokufa, Ulfat alikabidhi funguo kwa adabu, akaenda kupanga chumba Kikwajuni. Hakuchukua hata kijiko. Hilo nalo lilimuudhi Rawiya. Mtu asiyechukua kitu, utamdai nini?

"Ulfat kaandika 'mama yangu'," alimwambia Bi Wanu, jirani yao wa chini, aliyekuwa barazani akishona kofia. "Kwa watu wote duniani. Mla nawe hafi nawe, Bi Wanu, ila mzaliwa nawe."

Bi Wanu alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Na aliyemkosha mama yako siku ya kuzikwa nani? Mzaliwa naye?"

Rawiya aliinama, akaokota kipande cha uzi kilichoanguka.

"Sikusuti, mwanangu. Umenipa methali, nami nimekuuliza suala."

Ndoa ya Rawiya ilikuwa imevunjika mwaka mmoja kabla ya msiba, na mama hakuambiwa. Kwa hiyo Rawiya hakuwa na pa kurudi Maskati wala cha kufanya, na mtu wa namna hiyo ana wasaa wa kutosha wa kulea kijicho. Kila alfajiri aliamka nacho. Alikiosha uso, alikinywesha chai. Alisikia kwamba mahoteli ya Shangani yanampigia Ulfat simu, kwamba maharusi wanamwandikia kutoka Dubai na Maskati, na kila mteja aliyemsikia alimhesabu kama kaibiwa yeye. Mwishowe alirudi kwa Khalil.

"Kitu kile alikitengeneza vipi yule?"

"Alijifunza hapa hapa, kompyuta ile ya dirishani. Si kazi kubwa, Bi Rawiya. Programu yenyewe ya bure. Inaitwa Joomla. Hata jina wamelichukua kwetu, jumla, wakalivisha suti."

"Bure? Nani anapika cha bure?"

"Wapo watu huko, kila mtu anaongeza chake, kisha wanaweka hadharani, atakaye achukue. Kama maji ya sabili. Unakunywa, huulizwi weye mtoto wa nani."

Neno hilo la mwisho hakulipenda, lakini alikaa.

Khalil alimfunza. Alimwambia websaiti ina mlango wa mbele wanaoingilia wageni, na mlango wa uani wanaoingilia wenyewe, na wa uani una ufunguo wake: jina na neno la siri. Ndani ya uani ndiko kunakopikwa. Unaandika maneno yako kwenye kisanduku, unaweka picha, unabonyeza kuchapisha, na mbele kunapambika. Nguo ya kuivisha websaiti wanaiita templeti, nazo pia ni za bure, zimepangwa safu kama kanga dukani. Rawiya alizipitia zote. Akasimama kwenye ile ya kijani yenye maua ya asumini.

"Hiyo si ndo ya Ulfat?" Khalil aliuliza.

"Imeandikwa jina lake?"

"Haikuandikwa."

"Basi."

Akaiita Hina ya Bi Thuwaiba. Chini yake akaandika, kwa kidole kimoja, herufi moja moja: "Kwa mkono wa binti yake wa kumzaa." Akaongeza namba yake ya simu, kisha akakwama. Visanduku vyengine vilibaki na yale maneno ya Kilatini yanayokuja na templeti kujaza nafasi, na mahala pa picha palikuwa peupe. Hakuwa na picha hata moja. Akafungua ya Ulfat, akaonyesha ile ya tatu.

"Hii naitaka."

"Hii ya watu, Bi Rawiya."

"Ni mkono wa mama yangu. Kwa mama yangu naomba ruhusa kwa nani?"

Khalil akabonyeza mara mbili. Picha ikahamia.

Mji ule haufichi kitu. Wiki haikupita Bi Wanu alimwambia pale barazani, macho yapo kwenye kofia, "Nasikia mmevaa sare na mwenzio huko kwenye kompyuta. Harusi ya nani?"

Rawiya alipandisha ngazi zake. Alisubiri Ulfat aje kugomba, na alishayapanga maneno ya kumpa. Ulfat hakuja. Ila siku moja Rawiya alipofungua ukurasa wa mwenzake, aliona yale maneno yamebadilishwa. Sasa yalisema: "Nimefunzwa na Bi Thuwaiba wa Malindi." Yale maneno mama yangu yameondoka. Hilo ndilo alilolitaka. Alikaa akilitazama kwa muda, akashangaa kwamba halikumshibisha.

Kisha simu ikalia. Alikuwa mwanamke wa Maskati, mwenye Kiswahili cha kizamani kizuri. Mtoto wa kaka yake, Abeer, angekuja kuolewa Unguja, nyumba ya ukoo, Vuga, baada ya Idi. Biharusi ameiona ile picha, na hataki chengine. Anataka ua lile, kwa mkono ule.

"Tumeziona websaiti mbili zimefanana," alisema. "Tukasema tuchukue ya binti. Damu haipotei."

"Haipotei," alisema Rawiya, na utamu wa neno hilo ulimfanya aitikie kila kitu, siku, saa, miguu na mikono.

Utamu ulimdumu mpaka alipokaa chini na kijiti. Ukweli ni kwamba Rawiya hakuwahi kuchora. Utotoni kazi yake ilikuwa kutwanga majani ya hina, kuyachunga kwa leso kuukuu, kuyakanda kwa ndimu na mafuta ya karafuu mpaka yakashika kama asali. Kijiti alikuwa hajakifikia alipoolewa. Sasa alijaribu kwenye mgongo wa sinia, akajaribu kwenye goti lake. Ua la mama lilitoka kama njia ya siafu. Alifuta, akachora, akafuta, na goti likabaki na waa jekundu. Abeer alishawasili. Angempaka vile, habari ingefika Maskati kabla hina haijakauka, na ambaye angetajwa ni Bi Thuwaiba. Yeye Rawiya nani anamjua?

Alikwenda Kikwajuni jioni, amejitanda buibui mpaka puani.

"Karibu, Da Rawiya," Ulfat alisema mlangoni. Mikono yake ilikuwa na unga. "Kaa kitako."

"Sikai. Nna biharusi kesho, Vuga."

"Najua. Waliniandikia mie mwanzo, kisha wakaniandikia tena kuwa wamempata binti."

"Siwezi kuchora."

Ulfat alijifuta unga taratibu, kidole baada ya kidole.

"Hilo nalo nnalijua," alisema. "Mama alikuwa…" Akajikata. "Bi Thuwaiba alikuwa akisema utakuja siku moja ujifunze. Hakujua utakuja hivi."

"Kama ni kunisuta, nisute. Lakini yeye usimwachie aibu."

"Ntakuja. Siji kwa ajili yako."

"Sikukuomba uje kwa ajili yangu."

Kesho yake, katika chumba cha juu cha nyumba ya Vuga, kilichojaa moshi wa udi na wanawake, Rawiya alikanda hina na Ulfat akachora. Ulfat alikaa goti moja juu, mdomo wa chini ameuuma kidogo kwa pembeni. Ndivyo alivyokuwa akikaa mama. Rawiya alitazama kidole kidogo kinavyonyanyuka kila kijiti kinapogeuka, na wivu ukampanda, kwa sababu kidole kile kilikuwa cha mama na kilikuwa kwa mtu mwengine, wakati yeye, mzaliwa, alikuwa na pete tu.

Shangazi wa biharusi alikuwa ameichapisha ile picha kwenye karatasi kubwa, kaiweka juu ya mto ili mchoraji aifuate. Abeer, asiyeweza kusogea, alikuwa akiitazama, mara karatasi, mara kiganja chake.

"Mbona ndo huu huu?" alisema.

"Upi, mwanangu?" shangazi aliuliza.

"Mkono. Tazameni kidole gumba. Kina kovu kama mwezi mchanga. Na chake huyu kinalo."

Wanawake waliinama. Kovu lilikuwapo kwenye karatasi na lilikuwapo kwenye kidole cha Ulfat, mahala pamoja. Shangazi alimtazama Rawiya, akamtazama Ulfat.

"Binti yupi kati yenu?"

"Yeye," Ulfat alisema, akimwonyesha Rawiya kwa kidevu, wala hakuinua kijiti. "Mie nilifunzwa tu. Hina kakanda yeye. Itakolea, mtaona."

Vidole vya Rawiya vilikuwa ndani ya bakuli, na pete ya feruzi ilikuwa imezama kwenye hina.

Walipomaliza, walikaa kwenye ngazi za chini, wakisubiri mvua ipungue.

"Ulijua nimeichukua ile picha, na hukuniambia kuwa mkono ni wako," Rawiya alisema.

"Nilisikia uliilia machozi kwa Khalil. Ningekwambia nini?"

"Na pete?"

"Aliniazima siku ile ya picha. Alisema mkono mtupu haupendezi." Ulfat alikuwa akilitazama kovu lake. "Wake ulikuwa ushaanza kutetemeka. Mwaka na nusu wa mwisho hakuchora, Da Rawiya. Alikuwa akikaa nyuma yangu, akiniambia shuka, pinda, inua. Nikamwomba nimpige yeye picha japo moja. Akakataa. Alisema Rawiya akiiona atauona unatetemeka, na yuko mbali, atafanya nini?"

"Kwa simu hakusema."

"Na weye ulisema yote kwa simu?"

Rawiya alijifunga buibui vizuri. Mvua ilikuwa ikiingia mpaka kizingitini.

"Kwa hiyo wake haupo," alisema baadaye. "Hata kwenye picha moja."

"Haupo."

Siku ya pili yake alikwenda kwa Khalil, akaingia mlango wa uani kwa jina lake na neno lake la siri. Hina ilikuwa imemkolea vidole vyote, rangi ya damu ya mzee. Aliyafuta yale maneno ya binti wa kumzaa, akaweka namba ya simu ya Ulfat mahala pa yake. Khalil alimwuliza kama picha nayo aitoe.

"Iache."

Aliivuta karibu. Sasa kovu aliliona wazi. Lilikuwapo siku zote, pete ndiyo iliyomfumba macho. Alimwonea wivu Ulfat hata wakati ule ule, kwa ule mwaka na nusu, kwa kila shuka, kila pinda, kila inua. Alijua ataamka nao na kesho.

Chini ya picha palikuwa na kisanduku cha maneno. Akaandika kwa kidole kimoja: "Mkono ni wa Ulfat. Pete ni ya mama yangu." Akaitazama. Akalifuta neno yangu, herufi moja moja, akaliacha mama peke yake, na akabonyeza kuchapisha.