Salamu za Jumuiya

Kanisa letu lilianza kama banda la mabati, na kuta za sasa alizijenga marehemu mume wangu, mwashi. Ukuta wa upande wa sanamu ya Bikira Maria umepinda kidogo. Nilipomtania alinijibu kuwa waumini wanakuja kusali, si kupima kuta. Sisi wanawake tulibeba maji ya kuchanganyia saruji. Baadaye ikaja shule ya chekechea, kisha zahanati ya masista, kisha bomba la maji ambapo mtaa mzima, hata wasio Wakatoliki, hupanga foleni na kusengenyana.

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya, yaani nyumba za jirani zinazosali pamoja kila wiki. Wananiita Jemedari. Akifa mtu, turubai linatoka kwangu, masufuria yanatoka kwangu, na siku ya mazishi nasimama kando ya jeneza kutoa salamu za jumuiya. Nimezika watu wengi, hata maneno yale yananitoka yenyewe.

Mume wangu alianguka bafuni, akafia mlangoni pa zahanati. Waliponiambia, niliuliza nani ameazima turubai. Sikulia. Nilipanga akina mama wa kupika, nikamfokea fundi wa spika kwa kuchelewa, nikaandika ratiba ya misa. Nilikuwa nimekufa ganzi, na hilo liliniogopesha.

Wifi yangu alinifuata jikoni nikipangusa sahani.

"Wifi, tangu jana sijaona hata chozi."

"Halijaja."

"Kaka yangu amekulisha miaka yote hiyo."

"Mpishi nilikuwa mimi, wifi."

Wanawake wakacheka, kisha wakajishika midomo. Wifi akasema mke asiyemlilia mumewe basi alikuwa mpangaji tu humo ndani. Maneno yale niliyasikia kwa mbali, kama daktari wa meno anavyokugusa baada ya sindano ya ganzi. Lakini nilimpenda yule mzee, jamani, nilimpenda. Nikataka kitu kimoja tu: nimlilie kabla jeneza halijatoka kanisani. Makaburini ni vumbi na kukanyagana, huwezi hata kuagana na mtu wako.

Kanisani nilikaa benchi la mbele, la wafiwa, binti yangu kanishika mkono. Kwaya ikaimba ule wimbo ambao huwaliza hata wapita njia. Nikajaribu kumfikiria akikoroma, akinikatalia kuvaa koti, akila huku amesimama. Wapi. Nikajikuta natazama kama mishumaa imesimama sawa. Padre akalinyunyizia jeneza maji ya baraka, akalifukiza ubani. Bado. Wabebaji wakaanza kusogea kando ya ukuta, nami moyoni nikasema basi tena, ananiondokea hivi hivi.

Padre, ambaye husoma chochote ninachomwandikia, akashika ratiba yangu na kusogelea kipaza sauti. "Sasa tumsikilize mwenyekiti wa jumuiya."

Nikasimama. Binti yangu akanivuta nguo, nikauondoa mkono wake. Nikafika mbele, nikawageukia watu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," wakaitika, lakini kwa sauti ndogo.

"Jumuiya yetu imepoteza fundi na mcha Mungu. Tunawashukuru mliofika kutoka mbali na karibu. Na kwa namna ya pekee, jumuiya inampa pole mjane wa marehemu. Mama, tuko pamoja nawe."

Hapo huwa nanyoosha mkono kuelekea benchi la mbele, ili watu wamwone mwenyewe. Nikaunyoosha. Binti yangu alikuwa peke yake, amejiziba mdomo, na pembeni yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mkoba wangu ulikuwa umekaa hapo.

"Mama," nikasema tena, nikingoja ainuke.

Kisha nikalishika jeneza, na sauti iliyonitoka sikuijua kuwa ni yangu. Nililia mpaka kamasi zikanitoka mbele ya Padre na wifi na kwaya nzima. Nilimwita mume wangu kwa jina ambalo nje ya chumba chetu halijawahi kusikika.

Hakuna aliyesogea. Jumuiya yote ilibaki mabenchini ikinitazama, kwa sababu siku zote anayewaambia nani akamshike mfiwa ni mimi.